Jiwe Lililosogezwa kwa Kidole

Kidole chake cha shahada hakijawahi kutulia. Ukikaa naye mezani kitagonga mbao, ukisimama naye mlangoni kitagonga fremu, na akiwa hana cha kugonga kitagonga paja lake mwenyewe. Hugonga mara mbili, ko-ko, kisha hutambaa kidogo kana kwamba kinafuata mstari ambao wengine hatuuoni. Mumewe ni dereva wa lori, na kwa miaka ishirini na sita amelala kando ya kidole hicho. Huwaambia wageni kwamba yeye hakuoa mwanamke, alioa kigong'ota.

Sisi tuliofanya naye kazi tulimwita Sindano. Jina hilo alilipata mwaka aliofika katika chumba cha ramani cha ofisi ya viwanja, kwa sababu mistari yake ilikuwa myembamba kuliko ya yeyote kati yetu, na kwa sababu ulimi wake nao ulichoma. Tulikuwa wachoraji kumi na wawili, kila mmoja na meza yake iliyoinama, chini ya madirisha marefu. Mimi niliingia humo na ufagio. Nilijifunza hesabu za pembe kutoka kwenye karatasi nilizotakiwa kuzichoma. Yeye aliingia na cheti, na siku ya kwanza akaniuliza kwa nini mistari yangu ni minene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Tukawa ndugu tangu hapo.

Lazima nieleze tulivyokuwa tukifanya kazi, maana waliobaki wanaojua ni wachache na hakuna anayewauliza.

Ramani haikutoka katika chumba kile bila kusomewa. Mmoja alichukua daftari la vipimo, lile ambalo wapimaji walilijaza wakiwa juani, akasoma kwa sauti: jiwe la kwanza, pembe kadhaa, umbali kadhaa. Mwenzake aliitazama ramani, akapima kwa rula, akajibu: "Lipo." Kama halipo alisema, "Halipo," na mkasimama hapo hata mkikosa chakula cha mchana. Tuliita kusomeana. Mkimaliza, wote wawili mliandika herufi za majina yenu kwenye kona ya chini, msomaji kushoto, mchoraji kulia. Mimi nilisoma zaidi ya wote, ndiyo maana waliniita Kasuku.

Kulikuwa na sheria nyingine. Karatasi moja haikuguswa na kalamu mbili. Aliyekuwa akichora akitaka kumpisha mwenzake alisema, "Naachia," akaondoa mkono, na mwenzake akasema, "Napokea," ndipo akaweka wa kwake. Wageni walitucheka, walidhani tunacheza. Na kabla ya kuvuta mstari wowote, mchoraji aligonga ncha ya kalamu mara mbili pembeni, juu ya karatasi ya kukaushia wino, ili tone lililoning'inia lidondoke huko na si juu ya kiwanja cha mtu. Ko-ko, halafu mstari. Fanya hivyo mara mia mbili kwa siku kwa miaka kumi na mitano, halafu umwambie mkono uache.

Kisha kompyuta zikaja. Meza zetu zilipelekwa kantini, sasa zinakatiwa vitunguu. Tisa kati yetu tulistaafishwa kwa barua za mistari mitatu, wawili wakahamishiwa idara ya maji, akabaki Sindano peke yake. Akapewa laptopu moja isiyo na kipanya, na makabati ya ramani za zamani azifuatishe zote ziingie humo. Kazi ya watu kumi na wawili ikawa ya mtu mmoja, na wakaita hayo maendeleo. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini wao walidhani kitachora mji.

"Kaka, ni kama kumswaga mbuzi kwa fimbo nikiwa nyuma ya dirisha," aliniambia siku moja alipopita kunisalimu. "Nasukuma kidole kwenye kile kibao cha chini ya vitufe, mshale unasogea kidogo. Nanyanyua, naweka tena, nasukuma. Nasukuma mshale, sichori."

"Waambie wakurudishie kalamu."

"Nitaitengeneza mwenyewe."

Nilicheka. Hakucheka. Miezi saba baadaye, kwa vitabu alivyopigisha chapa na kuvibeba kwenye mkoba pamoja na mboga, alikuwa ameandika programu yake mwenyewe akaiita Kalamu. Ilifanya kibao kile kiwe karatasi. Kidole kikiwa kona ya juu ya kibao, mstari ulikuwa kona ya juu ya ramani; kikitambaa, mstari ulitambaa. Hakuna kusukuma mbuzi. Alichora tena kama zamani, kwa kidole.

Ila kulikuwa na tatizo, na alinieleza mara tatu kabla sijaelewa. Ndani ya mashine kuna mfumo endeshi, na kazi yake mojawapo ni kama ya tarishi. Kidole kinapogusa kibao, kibao huandika vijibarua: kidole kipo hapa, sasa kipo hapa, sasa kimenyanyuka. Tarishi huvichukua, na kwa vijibarua hivyo ndivyo mshale huendeshwa kwenye skrini. Programu nyingine ikitaka kujua kidole kinafanya nini ina njia mbili. Inaweza kumwambia tarishi: barua zote nipe mimi peke yangu. Au inaweza kumwambia: nipe nakala tu, wengine nao wapate zao.

Sindano alianza na njia ya kwanza. Kalamu ilikishika kibao peke yake, mshale ukafa pale ulipokuwa. Alipotaka kuifunga Kalamu akakumbuka kwamba kitufe cha kufungia kinabofywa kwa mshale. Hakuwa ameiandikia namna ya kusema "Naachia." Ilibidi aizime mashine nzima, kazi ya nusu siku ikapotea. Akaenda njia ya pili, ya nakala. Kalamu ilisikia kidole, na mshale nao ulisikia kidole kilekile.

"Karatasi moja, kalamu mbili?" nilimuuliza.

"Moja nimeikata ulimi, Kaka. Nimeuambia mfumo kwamba kugonga kibao kusiwe kubofya. Mshale unazurura tu huko chini, hauna la kufanya."

"Aliyekatwa ulimi bado ana mikono."

"Kasuku na methali zake," alisema, na kidole kikagonga kikombe changu, ko-ko.

Akafanya kazi hivyo mwaka mzima na zaidi bila dosari. Kalamu ilipofunguka ilifunika skrini yote kama shuka, na chini ya shuka ile ramani kuu ya mji ilikuwa macho, ikisubiri kupokea mistari mipya. Alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu.

Siku moja fundi wa mashine wa ofisi, mtu wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni, alizisasisha kompyuta zote kwa asubuhi moja huku anakula chungwa. Sasisho lile lilirudisha mambo kama yalivyotoka kiwandani. Kugonga kukawa tena kubofya. Fundi hakumwambia mtu, kwa sababu na yeye hakuna aliyemwambia.

Siku ya kumi na mbili baada ya chungwa lile, siku ya Jumatano, alikuja mama mmoja mshona magodoro. Alikuwa na pamba kwenye nywele na foronya iliyokunjwa kwapani.

"Shikamoo, mama," alisema Sindano.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza kiwanja changu kimekwenda wapi."

"Kiwanja hakiendi mahali, mama."

"Changu kimekwenda. Hatua tano. Kimekwenda na choo na nusu ya chumba cha cherehani. Jirani mwenye ghala ameleta ramani yenye muhuri wenu, ukuta wangu umechorwa alama nyekundu."

Sindano akafungua skrini, akatafuta kiwanja. Mpaka ulikatiza katikati ya nyumba, umenyooka, msafi, bila haya.

"Ramani ndiyo hii, mama. Ramani haina ubaya na mtu."

Yule mama akafungua foronya, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane. "Na hii je? Hii nayo haina ubaya na mtu?"

Ilikuwa nakala ya zamani, ya wino. Kwenye kona ya chini, kushoto kulikuwa na herufi zangu, kulia zake. Sindano aliitambua ile mistari kama mtu anavyotambua kikohozi cha mwanawe katikati ya umati. Jiwe la nne, kwenye karatasi, lilikuwa hatua tano mbali na pale skrini iliposema. Na hapo, yeye mwenye ulimi wa sindano, akasema neno ambalo mpaka leo halijamtoka kooni.

"Karatasi huvutika kwa unyevu, mama. Rudi keshokutwa."

"Wanavunja Jumamosi, mwanangu."

"Rudi keshokutwa."

Hakuna karatasi inayovutika hatua tano. Alilijua hilo kabla yule mama hajafika ngazini.

Mchana ule alifunga mlango. Alifanya nakala ya ramani kuu asije akaiharibu ya kweli, akaipunguza Kalamu iwe nusu ya skrini ili aione na ramani ya chini kwa pamoja. Akavuta mstari kwa kidole. Chini hakuna kilichosogea. Akavuta wa pili, wa kumi, wa thelathini. Hakuna. Akaanza kupumua. Labda mpimaji fulani alikosea, labda jirani ametoa hongo, labda shetani. Akaegemea kiti, akaitazama dari, akarudi kuvuta mstari mmoja wa mwisho bila kufikiri, akiwaza nini atapika.

Jiwe moja kwenye ramani ya chini likakimbia.

Akatazama mkono wake. Kidole kilikuwa kimegonga. Mistari ile thelathini aliivuta kwa uangalifu wa mtu anayetazamwa, na kidole kilijizuia. Alipokisahau kikafanya kilivyofundishwa, kumwaga tone la wino ambalo halipo. Na kwa mfumo ule, kugonga na papo hapo kugusa tena na kuvuta kuna maana moja tu: kamata kilicho chini ya mshale, kisogeze. Kalamu ilisikia mstari. Mshale ulisikia amri. Kidole kilikuwa kimoja, na kila programu ilikielewa kivyake.

Saa kumi alikuwa kwangu, laptopu kwapani kama kuku anayepelekwa sokoni. Hakukaa. Alizunguka chumba, akagusa rafu, akagusa pazia, akanionyesha skrini, akazunguka tena.

"Kaa, unanipa kizunguzungu."

"Sikai. Kaka, kiwanja chenyewe sikuwa hata nakichora. Nilikuwa nachora cha mtaa wa pili. Hicho kilikuwa chini tu, kimejilalia."

"Nilikwambia. Karatasi moja, kalamu mbili."

"Ulisema. Umefurahi?"

Kidogo nilikuwa nimefurahi, na si jambo la kujivunia.

"Jiwe lake naweza kulirudisha," alisema. "Dakika moja. Natoa ramani mpya, napiga muhuri, Jumamosi inapita. Nikisema, wataniuliza nani aliruhusu programu yangu iwe kwenye mashine ya serikali. Hakuna aliyeruhusu. Miezi minane, Kaka. Miezi minane tu."

"Na mengine?"

"Mengine yapi?"

"Kidole chako kimegonga mara ngapi kwa siku kumi na mbili?"

Akaacha kuzunguka. Ilikuwa mara ya kwanza kutulia tangu aingie.

"Wewe ni mtu mbaya," alisema.

"Mimi ni msomaji."

Kesho yake asubuhi aliingia kwa mkuu wa ofisi. Ni mtu mpole, mpenda mambo yaishe, na wapole wa namna hiyo wameharibu mengi kuliko wakali. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema karatasi kuukuu huvutika, kila mtu anajua.

"Ndivyo nilivyomwambia yule mama jana. Nilidanganya."

"Dada yangu, mbona unajichimbia kaburi, na jembe ni lako mwenyewe?"

"Siku hizo nilifungua kurasa sita za ramani. Viwanja mia moja na arobaini. Sijui ni vingapi vimesogea. Nataka visomwe vyote kabla ya Jumamosi."

"Visomwe na nani? Hakuna msomaji hapa tangu enzi za babu."

"Yupo. Anakaa mitaa miwili kutoka hapa na hana kazi."

Ndivyo nilivyorudi katika chumba cha ramani, baada ya miaka kumi na moja, bila barua wala kiti. Nilikalia ndoo iliyopinduliwa. Madaftari ya vipimo tuliyakuta stoo, panya wamekula pembe lakini tarakimu wameziacha; labda hazina ladha. Nikavaa miwani, nikafungua ukurasa, na sauti yangu ikatoka kama haijaondoka hata siku moja.

"Jiwe la kwanza. Mashariki mita kumi na nane nukta nne."

"Lipo."

"Jiwe la pili. Kusini ishirini na mbili kamili."

"Lipo."

Mkono wake wa kulia aliukalia. Kweli, aliukalia kabisa, akaendesha kibao kwa mkono wa kushoto. Fundi wa funguo alichungulia mlangoni.

"Mzee, kwa nini usimpe tu hizo namba aziingize? Mashine ingelinganisha yenyewe."

"Ni nani angeisomea mashine?"

"Hakuna haja ya kuisomea."

"Hayo ndiyo yaliyotuleta hapa, mwanangu. Funga mlango, unaingiza vumbi."

Alhamisi tulisoma mpaka koo likakauka. Ijumaa mama wa magodoro alirudi kama alivyoambiwa. Sindano alimweka kwenye kiti pekee kilichokuwepo na kumweleza yote, kidole na mshale na uongo wa karatasi. Yule mama alisikiliza akichambua pamba kwenye sketi yake.

"Kwa hiyo ni kidole," alisema.

"Ni kidole changu, mama."

"Basi kikate Jumamosi ipite," alisema, na sijui hadi leo kama ulikuwa utani.

Tulipofika kiwanja cha mia na kumi na tatu nilisema, "Jiwe la tatu, magharibi kumi na sita," naye akapima mara mbili. Kisha, polepole: "Halipo." Ulikuwa uwanja mtupu, hakuna aliyeumia. Kingine kilikuwa kimesogea upana wa mlango tu. Pamoja na cha mama, vikawa vitatu. Tulimaliza Ijumaa jioni, jua likiwa bado dirishani. Mkuu akatia sahihi kwenye barua ya kusimamisha uvunjaji, kisha kwenye barua nyingine ya kumwondoa Sindano katika chumba cha ramani. Alitumia kalamu moja kwa zote mbili.

Jumamosi asubuhi Sindano aliipeleka barua ya kwanza mwenyewe, mimi nikimfuata kwa nyuma nikihema. Wavunjaji walikuwa wamewahi. Choo kilikuwa chini tayari, matofali yametawanyika, na nyundo ya kwanza ilikuwa imetoboa ukuta wa chumba cha cherehani tundu la kupitisha kichwa. Mwenye ghala alisoma barua mara mbili. Hakuwa mtu mwovu. Alipewa hatua tano akazipokea, kama wengi wangefanya. Akaita watu wake, wakapakia nyundo zao, wakaondoka wakinung'unika kwamba wameamshwa bure.

Sindano alitaka kusema neno. Mama wa magodoro alichungulia kupitia lile tundu akiwa upande wa ndani.

"Ramani haina ubaya na mtu, eh?" alisema. Akachukua godoro, akaziba tundu.

Sasa Sindano yuko dirisha la fomu. Anapokea, anagonga muhuri, anarudisha. Amebakiza miezi mitatu. Kalamu ilifutwa kwenye mashine ya ofisi, lakini nyumbani aliiandika upya. Safari hii aliweka bawabu, programu ndogo inayokishika kibao peke yake na kupokea vijibarua vyote, kisha inampa mmoja tu kwa wakati, ama Kalamu ama mshale. Kubadilishana ni kwa vitufe viwili vinavyobonyezwa pamoja, na chini ya skrini huandikwa "Naachia," halafu "Napokea." Na bawabu amefundishwa kuimeza ile ko-ko, isimfikie yeyote. Fundi wa funguo alimwomba nakala na ameiweka kwenye mashine zote kimyakimya, bila kumuuliza mkuu. Aliyechukua kiti cha Sindano anaisifu sana. Anachora viwanja kumi na tano kwa siku, peke yake, mlango umefungwa. Hasomewi na mtu. Nilipojitolea kwenda kumsomea, bure, mara moja kwa wiki, nilijibiwa kwa barua ya mistari miwili. Zamani walau ilikuwa mitatu.

Kila asubuhi kabla ya kazi, Sindano hupitia mtaa wa magodoro. Si njia yake; inamzungusha robo saa. Hupita nyuma ya choo kipya, huinama, hupangusa vumbi juu ya jiwe la nne, hulitazama, huondoka. Niliwahi kwenda naye nikakasirika, maana magoti yangu si ya matembezi ya kijinga.

"Jiwe halitembei, mdogo wangu. Halikutembea hata siku ile. Ilikuwa kwenye skrini tu."

"Najua."

"Basi unakuja kutazama nini?"

"Nilimbomolea mtu choo, Kaka, nikiwa nimekaa kwenye kiti, nawaza nitapika nini," alisema. "Acha nilitazame."

Nikamwacha alitazame. Kidole chake kilikuwa juu ya jiwe. Kiligonga mara mbili, akakikamata kwa mkono wa kushoto, tukaenda zetu.